Je, Wajua? Galoni ya Nani?

Je, wajua kwamba hesabu yote ya galoni na kwoti inaishia kwenye tarakimu moja? Nne. Kwoti ni robo ya galoni, basi. Ukiwa na galoni, zidisha kwa 4 upate kwoti; ukiwa na kwoti, gawanya kwa 4 upate galoni. Galoni 3 ni kwoti 12, galoni 10 ni kwoti 40, kwoti 50 ni galoni 12 na nusu. Mtoto wa darasa la tatu anaimaliza kabla chai haijapoa. Kazi iko kwenye swali ambalo vitabu vingi vya hesabu hulipita kimyakimya: galoni ya nani?

Kabla hatujalifikia, hata hiyo nne ina mtego wake. Galoni 2.3 si galoni 2 na kwoti 3. Galoni 2.3 ni kwoti 9.2, ilhali galoni 2 na kwoti 3 ni kwoti 11, yaani galoni 2.75. Anayezichanganya amejipunja karibu kwoti mbili. Desimali huhesabu kwa makumi, galoni huhesabu kwa manne, na mbili hizo hukutana vizuri mahali patatu tu: 0.25 ni kwoti moja, 0.5 ni mbili, 0.75 ni tatu. Kwingine kote, shika kalamu.

Sasa tuingie ndani.

Wajua kwamba galoni zilizo hai duniani ni mbili, na hazilingani? Galoni ya Marekani ni lita 3.785. Galoni ya Uingereza, ile iliyotawala hesabu za makoloni yake yote, zetu zikiwemo, ni lita 4.546. Tofauti yake ni zaidi kidogo ya robo tatu ya lita. Kwa hesabu ya haraka sokoni, galoni 5 za Kiingereza ni karibu sawa na galoni 6 za Kimarekani.

Na kwoti je? Ya Marekani ni mililita 946, ya Uingereza ni mililita 1,137. Lita yetu imekaa katikati: inaizidi kwoti ya Mmarekani kwa mililita 54 na inapungukiwa na ile ya Mwingereza kwa mililita 137. Kwa hiyo mapishi yanayosema “kwoti moja ya maziwa” yakitoka Marekani, lita moja haitakuharibia kitu. Yakitoka kwenye kitabu cha zamani cha London, hapo ongeza nusu kikombe na kidogo.

Wajua kwamba galoni ya Marekani si ya Kimarekani? Ni galoni ya divai ya Kiingereza, iliyovuka Atlantiki pamoja na walowezi na ikabaki huko baada ya wenyewe kuiacha. Hadithi yake ni hadithi ya kodi, kama zilivyo hadithi nyingi za vipimo. Mwaka 1688 kipimo cha galoni ya divai kilichohifadhiwa Guildhall, London, kilipimwa upya, kikaonekana kina inchi za ujazo 224 tu, wakati watoza kodi wa bandarini walikuwa wamezoea kuhesabu 231. Ushuru wa divai hulipwa kwa galoni. Galoni ikiwa ndogo, pipa lile lile lina galoni nyingi zaidi na ushuru unapanda. Ikiwa kubwa, unashuka. Mwaka 1700 kesi ya ushuru wa divai ya Uhispania ikafika mahakamani, na serikali ikagundua kwamba haina sheria ya wazi inayosema galoni ya divai ni kiasi gani. Bunge likaziba pengo hilo mwaka 1706, enzi za Malkia Anne: galoni ya divai ni inchi za ujazo 231. Mpaka leo galoni ya Marekani ni hiyo hiyo, bila kuongezwa wala kupunguzwa hata punje.

Kwa nini 231, namba isiyo na sura? Hapa ndipo penye utamu. Sheria ile ilisema galoni ni chombo cha mviringo chenye kipenyo cha inchi 7 na kina cha inchi 6. Chukua pai yako ya shuleni, 22/7. Nusu kipenyo ni 3.5, kipeo chake cha pili ni 12.25, mara 6 ni 73.5, mara 22/7 ni 231 kamili, haibaki sehemu. Ukitumia pai yenyewe yenye desimali ndefu utapata 230.9. Maana yake galoni ya taifa lililopeleka watu mwezini imejengwa juu ya 22/7, ile ile tuliyokaririshwa kwa fimbo.

Asiyependa duara ana njia nyingine: sanduku la inchi 3 kwa 7 kwa 11 lina galoni moja ya Marekani barabara. Kwoti ni robo yake, inchi za ujazo 57.75.

Wajua kwamba Marekani ilijitangazia uhuru mwaka 1776 lakini ikakaa zaidi ya miaka hamsini bila galoni rasmi? Kila bandari ilikuwa na yake. Mtu aliyepewa kazi ya kuzipima alikuwa Ferdinand Hassler, mhamiaji kutoka Uswisi, na mwaka 1832 Hazina ya Marekani ikachagua ile ya inchi 231. Ofisi za forodha ndizo zilizoihitaji kwanza. Kodi tena.

Waingereza wao walikuwa wamechoka. Walikuwa na galoni ya divai ya inchi 231, galoni ya bia ya inchi 282, na ya nafaka ambayo haikuwa hii wala ile. Magna Carta ya mwaka 1215 ilikuwa imeahidi kipimo kimoja cha divai, kimoja cha bia na kimoja cha nafaka kwa ufalme wote. Hata ahadi yenyewe, ukiisoma vizuri, ni ya vipimo vitatu. Sheria ya mwaka 1824, iliyoanza kutumika Januari 1826, ikazifuta zote na kuleta galoni mpya kabisa: ujazo wa ratili 10 za maji safi yaliyochujwa kwa mvuke, kwenye joto la nyuzi 62 za Fahrenheit. Ni wazo zuri, nakiri. Huhitaji kubeba chombo cha shaba kutoka mji hadi mji. Beba mizani, chota maji, pima. Kwa mpango huo kwoti ya Kiingereza ya maji ina ratili 2 na nusu, na painti moja, nusu ya kwoti, ina ratili moja na robo. Galoni ya Marekani ya maji ina ratili 8.34, namba ambayo hakuna anayeikumbuka bila kuandika kiganjani.

Miaka minane baadaye, Oktoba 1834, Bunge la London likaungua, na ratili ya mfano iliyohifadhiwa humo ikaharibika. Galoni iliyotegemea ratili ikabaki bila mama yake kwa muda.

Wajua kwamba painti ya Kiingereza ni kubwa kuliko ya Kimarekani, lakini aunsi yake ni ndogo? Galoni ya Marekani ina aunsi 128, kwoti yake ina 32, painti yake ina 16. Galoni ya Uingereza ina aunsi 160, kwoti yake ina 40, painti yake ina 20. Lakini aunsi ya Marekani ni mililita 29.6 na ya Uingereza ni 28.4. Kwa hiyo usijaribu kubadilisha galoni hizi kwa kuhesabu aunsi kichwani. Pitia lita, ndiye mpatanishi asiye na ukoo na upande wowote.

Kuna na galoni ya tatu, iliyolala. Marekani ina galoni ya vitu vikavu, lita 4.4, na kwoti yake kavu ya lita 1.1, inayoonekana zaidi kwenye vikapu vya matunda madogo. Ukiona “kwoti” kwenye kikapu cha stroberi, si kwoti ya maziwa.

Kwa nini kikavu kitengwe na kioevu? Mama muuza mchele wa pwani atakujibu haraka kuliko profesa. Nafaka hujaa juu ya ukingo, maji hayajai. Ndiyo maana Waswahili walikuwa na kibaba cha tele, kilichorundikwa mpaka kikachongoka, na kibaba cha mfuto, kilichopanguswa sawa na mdomo. Wauzaji na wanunuzi walipatana kwanza ni kipi kati ya hivyo viwili, ndipo wakaja kwenye bei. Maji na mafuta hayana tele, ni mfuto siku zote.

Na tukiwa hapo hapo: wajua kwamba pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na ngazi yake ya vipimo, na kwamba ngazi hiyo inakaa ubavuni mwa ngazi ya Kiingereza hatua kwa hatua? Vibaba viwili ni kisaga kimoja. Visaga viwili ni pishi moja. Kamusi za zamani za Kiswahili hueleza kibaba kuwa karibu na painti, kisaga karibu na kwoti, na pishi karibu na nusu galoni. Kwa hiyo ukitaka kumweleza bibi wa Pemba galoni ni nini, sema pishi mbili. Ukitaka kumweleza kwoti, mwambie kisaga, naye atajua kuliko yule aliyesoma kwenye jedwali.

Si kwamba mmoja alimwiga mwingine. Mfumo wa kukata nusu kwa nusu hujizalisha popote palipo na soko na hapana rula. Kugawa mafuta sehemu kumi sawa ni kazi ya maabara, lakini kugawa nusu kunahitaji vyombo viwili vinavyofanana na jicho zuri. Nusu ya galoni, nusu ya nusu ndiyo kwoti, nusu yake painti, nusu yake kikombe. Ndani ya galoni ya Marekani mna nusu galoni 2, kwoti 4, painti 8, vikombe 16, na ukiendelea kukata hivyo hivyo unafika kwenye aunsi 128, ambayo ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara saba mfululizo. Wahandisi wa kompyuta wangeukubali mfumo huu bila mjadala.

Manne haya yako hata kwenye ibada. Zaka ya Idi ya mwezi wa Ramadhani hupimwa kwa swaa, ambayo ni mudi nne, yaani mijazo minne ya viganja viwili vilivyounganishwa vya mtu wa wastani. Masheikh wa pwani kwa vizazi wameieleza kwa pishi, nayo ni vibaba vinne, na siku hizi huongeza makadirio ya kilo mbili na nusu hadi tatu kwa wale waliozaliwa baada ya kibaba kupotea sokoni.

Tuje kwenye debe, maana bila debe makala hii haijatimia.

Wajua kwamba debe la Afrika Mashariki ni mtoto wa galoni? Mwishoni mwa karne ya 19 mafuta ya taa yalisafirishwa duniani kwa makopo ya bati ya mraba, mawili ndani ya sanduku la mbao. Kopo la Kimarekani lilibeba galoni 5 za huko, yaani kwoti 20, lita 18.9. Kwa Mwingereza, kopo la namna hiyo likahesabiwa galoni 4 za kwake, yaani kwoti 16, lita 18.2. Tazama vizuri: kopo halijabadilika, ila Mmarekani anaona tano na Mwingereza anaona nne, na kila mmoja yuko karibu na haki. Kwetu mafuta yalipokwisha kopo halikutupwa. Likawa ndoo ya kisimani, pipa la pombe, karai la zege, bati la kuezekea, sufuria ya kupikia ubwabwa wa harusi, na juu ya yote likawa kipimo cha mahindi. Makopo yenyewe yamekwisha, ndoo za plastiki zimechukua nafasi, lakini mkulima bado anakuuzia mahindi kwa debe, na ukimwuliza lita ngapi atakutajia kati ya 18 na 20 kutegemea ndoo iliyopo na urafiki wenu.

Je, dumu la njano la lita 20 tunalochotea maji? Hilo halina undugu na galoni. Umbo la jerikeni lilibuniwa Ujerumani kwa ajili ya jeshi miaka ya 1930, na Wajerumani walipima kwa lita. Ukilazimisha, lita 20 ni kwoti 21.1 za Marekani, au 17.6 za Uingereza. Namba mbaya zote mbili, ndiyo dalili kwamba chombo hakikuzaliwa kwenye mfumo huo. Hii ni mbinu nzuri ya upelelezi: chombo chochote kinachotoa namba safi kwenye mfumo fulani, kinatoka huko.

Jaribu mbinu hiyo kwa pipa la chuma. Mmarekani huliita pipa la galoni 55, ambazo ni kwoti 220, lita 208. Mwingereza huliita la galoni 44, ambazo ni kwoti 176, na hizo ni lita 200. Fundi wa Gerezani au Gikomba anakuambia lita 200, na anapolipasua katikati kutengeneza jiko la kuchomea nyama habishani na yeyote. Hati za ubunifu wa pipa la chuma la aina hii za mwaka 1905 zilimilikiwa na kiwanda cha Nellie Bly, yule mwandishi wa habari wa kike aliyeizunguka dunia kwa siku 72 mwaka 1889 na 1890. Aliolewa na mwenye kiwanda na baadaye akakiendesha mwenyewe.

Usilichanganye pipa hilo na pipa la bei za mafuta kwenye taarifa ya habari. Lile ni la hesabu tu, halipo ghalani: galoni 42 za Marekani, kwoti 168, lita 159. Wachimbaji wa Pennsylvania walikubaliana juu ya 42 miaka ya 1860, na dunia ikafuata. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limebuniwa kupitisha hadi mapipa 216,000 kwa siku. Zidisha kwa 42: galoni 9,072,000. Zidisha kwa 4: kwoti 36,288,000. Kwa lita, kama milioni 34.

Ukubwa wa namba ni siasa pia. Meli ya Exxon Valdez ilipopasuka Alaska, Machi 1989, magazeti ya Marekani yaliandika galoni milioni 11. Mapipa yangekuwa kama 260,000. Mafuta yale yale, samaki wale wale. Mwenye kutaka kukutisha huchagua galoni, mwenye kutaka kukutuliza huchagua pipa. Kwoti, ambayo ingefika milioni 44, hakuna aliyeithubutu.

Wajua kwamba kwetu kuna galoni ya dukani isiyo kwenye kitabu chochote? Agiza galoni ya rangi ya ukuta, utapewa kopo la lita 4. Agiza galoni ya mafuta ya kupikia, utapewa dumu la lita 5. Hakuna hata moja iliyo galoni. Afrika Mashariki iliingia kwenye lita na kilo baada ya uhuru, na kwenye pampu ya petroli hutaikuta galoni tena, lakini jina lilibaki likining'inia kwenye chombo. Fundi rangi hana shida nayo. Mwenye shida ni anayefuata maelekezo ya rangi kutoka Marekani yanayosema galoni moja hufunika eneo fulani. Huyo kopo lake la lita 4 linamzidishia kidogo, asishangae.

Oili ya injini ndiyo inayoumiza. Kijitabu cha gari la Kimarekani kikisema injini inakunywa kwoti 5, hizo ni lita 4.73. Kopo la lita 4 halitoshi, na anayelimimina lote akidhani amemaliza anaiacha injini na njaa ya robo tatu ya lita. Kopo la lita 5 linabakiza kidogo, kama glasi moja. Fundi mzuri hasomi kopo wala kijitabu. Anachomoa kijiti cha kupimia.

Gari la mtumba kutoka Uingereza lina mtego wa namna nyingine. Maili 36 kwa galoni huko ni maili 30 kwa galoni Marekani, na zote ni kilomita 12 na robo tatu kwa lita. Ukilinganisha magari mawili kutoka nchi hizo kwa kusoma karatasi zake tu, la Kiingereza litaonekana halinywi mafuta. Wenyewe Waingereza wananunua petroli kwa lita na kuhesabu matumizi kwa galoni, nami sijawahi kuona anayelalamika.

Ndugu zetu walioko Dubai na Abu Dhabi wanakumbuka: Falme za Kiarabu ziliuza petroli kwa galoni ya Kiingereza mpaka zilipohamia lita mwaka 2010. Liberia, ambayo mizizi ya taifa lake iko Marekani, ilirithi galoni ya huko.

Wajua kwamba ndege ya abiria iliwahi kuzima injini zote mbili angani kwa sababu ya kubadilisha vipimo? Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa kwenye kimo cha futi 41,000. Kanada ilikuwa katikati ya kuhama kutoka vipimo vya Kiingereza. Vipima mafuta vya ndege vilikuwa havifanyi kazi, kwa hiyo ujazo ulipimwa kwa kijiti: lita 7,682. Safari ilihitaji kilo 22,300. Ili kupata uzito, lita zile zilizidishwa kwa 1.77, ambacho ni kipimo cha ratili kwa lita, badala ya 0.8 ya kilo kwa lita. Jibu lilitoka likaitwa kilo, kumbe ni ratili. Wakaongeza lita 4,916. Zilihitajika zaidi ya 20,000. Kuzidisha kulikuwa sahihi kila hatua; kosa lilikuwa kwenye jina la kilichozidishwa. Rubani Robert Pearson, aliyekuwa na mazoea ya kurusha ndege zisizo na injini, aliishusha ikielea kama kishada mpaka kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Gimli, uliokuwa umegeuzwa uwanja wa mashindano ya magari. Watu 69 waliokuwemo walitoka hai.

Mengine ya haraka haraka.

Kofia ya wachunga ng'ombe wa Marekani inayoitwa “ya galoni kumi” inabeba takriban kwoti tatu. Hata galoni moja haifiki.

Mtu mzima ana kama lita 5 za damu, sawa na kwoti 5.3 za Marekani. Akiwa amepumzika, moyo husukuma kiasi hicho kila dakika. Kwa siku nzima zinapita karibu galoni 1,900, au kwoti 7,600. Kwa galoni za Kiingereza ni kama 1,580, moyo ni ule ule.

Ngamia aliyekauka anaweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa dakika chache. Hizo ni zaidi ya kwoti 105 za Marekani, na ukimsimamia uone, utachoka wewe kabla yake.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1992 iliweka ukomo wa galoni 1.6 kwa kila msukumo wa choo kipya cha nyumbani. Ni kwoti 6.4, lita 6. Wamarekani walinung'unika kwa miaka; mkazi wa mji wenye mgao wa maji angeuliza kwa nini nyingi hivyo.

Chupa ya mvinyo mkali Marekani zamani iliandikwa 4/5 ya kwoti. Nne ya tano ya robo ni moja ya tano ya galoni, mililita 757. Mwaka 1980 ikapunguzwa kuwa mililita 750 ili ilingane na dunia. Wamarekani leo wananunua maziwa kwa galoni na soda kwa chupa ya lita mbili, kutoka jokofu moja, bila kuona ajabu.

Hatua ya kwanza ya roketi ya Saturn V, iliyopeleka watu mwezini, ilibeba galoni 203,400 za mafuta ya taa yaliyosafishwa sana. Ni ndugu wa yale ya kwenye kibatari. Kwa kwoti ni 813,600. Kwa makopo ya zamani ya galoni 5, ni madebe 40,680, na yote yaliteketea kwa chini ya dakika tatu.

Na la mwisho ni la kuchezea jioni. Katika filamu ya Die Hard with a Vengeance ya mwaka 1995, Bruce Willis na Samuel L. Jackson wanapewa vyombo viwili, cha galoni 3 na cha galoni 5, wapate galoni 4 kamili kabla bomu halijalipuka. Jaza cha 5, mimina kwenye cha 3, zinabaki 2. Mwaga cha 3, tia zile 2 humo. Jaza tena cha 5, kisha jazia cha 3 kwa galoni moja iliyopungua. Kwenye cha 5 zimebaki 4. Kwa kwoti ni hivyo hivyo: vyombo vya 12 na 20, jibu 16. Kwa vibaba 3 na 5 pia inakubali, na hata kwa kata za maji ya mtungini. Ila maji yale yalitakiwa kuwekwa juu ya mizani. Galoni 4 za Marekani zina uzito wa kilo 15 na kidogo, za Uingereza zina kilo 18, kwa hiyo mtu aliyeleta vyombo kutoka London angefanya hesabu yote sawasawa na bado bomu lisingezimika.